Kitambulisho cha Upande wa Baba

Gonja, milimani
4 Februari 2024

Wifi yangu Eliaichi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo. Tangawizi ya shamba la juu tumeshaitoa, ya chini bado. Mama yako anaendelea kuamrisha kila chenye miguu hapa nyumbani, kwa hiyo ujue ni mzima. Juzi Reginald alitaka kukata ile migomba mizee nyuma ya jiko tupande parachichi. Mama alimtolea macho mpaka panga likaanguka lenyewe.

Nakuandikia kwa karatasi, usinicheke. Simu yangu ilizama mferejini, ya kaka yako hupokelewa na yeyote aliye karibu nayo, na mtandao wenyewe unakamata pale uwanja wa kanisa tu, ambako ukisema neno kwaya nzima imelisikia. Barua hii anaichukua Anold, yule dereva anayetushushia tangawizi Same. Ataiweka kwenye basi la Dar.

Sasa kaa chini. Nina mimba. Ya tatu, wifi. Hajui mtu. Hata Reginald sijamwambia, maana yule akijua uso wake utatangaza, na Mama ataanza. Tulipomzika yule wa pili, Mama alisema mbele ya kina mama wa kanisa, "Tumbo la huyu halishiki." Nilikuwa nimekaa palepale, maziwa bado yananitoka. Siku hizi anamkumbusha Reginald kwamba umri unakwenda.

Naogopa. Wa kwanza alitoka wa miezi saba, akiwa ameshakufa. Wa pili presha ilinipanda nikaanguka kifafa, nikazindukia hospitali Same nikaambiwa mtoto aliishi mpaka asubuhi. Safari hii sina hakika kama mimi mwenyewe nitazinduka.

Ndiyo maana nakuuliza. Mwaka jana ulikuja na vichupa vyako ukatutoa damu, mimi na Reginald, na Mama pia, ukasema maabara yenu inachunguza habari za kifafa cha mimba. Damu yangu ilisema nini? Niambie, na usinibembeleze.

Wako,
Prisca


Dar es Salaam
17 Februari 2024

Mpendwa Prisca,

Nimelia, nikacheka, nikalia tena palepale kazini mpaka mwenzangu Abdulmalik akaniletea maji ya kunywa. Hongera, mama. Hongera sana.

Umesema nisikubembeleze, basi sikiliza. Kwenye damu ya kila mtu kuna seli za kinga ambazo wataalamu wamezipa jina la wauaji wa asili. Zinazunguka mwilini kama mgambo wa sokoni. Na kila seli ya mwili wako inabeba kitambulisho juu yake. Muuaji akikutana na seli huipapasa kwa mikono ya aina mbili. Mkono wa kwanza hutafuta kitambulisho, na ukikipata unavuta breki, muuaji anapita zake. Mkono wa pili hutafuta dalili za matatizo, zile ambazo seli huonyesha ikiingiliwa na virusi au ikianza kugeuka saratani, na huo unachochea. Muuaji hupima tu upande upi umezidi, breki au uchochezi. Kitambulisho kikikosekana na dalili mbaya zipo, anaitoboa ile seli anaimaliza.

Sasa, wauaji hao wamejaa pia kwenye mji wa mimba, hasa miezi hii ya mwanzo. Wamelizunguka kondo la mtoto. Na mtoto kwa mwili wako ni nusu mgeni, kwa hiyo unaweza kuona jinsi mambo yanavyoweza kwenda kombo. Damu yako inaonyesha kwamba wauaji wako na mimba zako hawaelewani vizuri. Ni hivyo tu. Yaliyobaki ni ya kitaalamu mno na bado tunayafanyia kazi. Wapo madaktari nje ya nchi wanaowapa wanawake dawa za kutuliza kinga, lakini hilo bado linabishaniwa.

Anza kliniki mapema, pima presha, kula vizuri, usiwaze sana. Na habari za damu usimwambie Mama. Unajua moyo wake.

Wifi yako akupendaye,
Eliaichi


Gonja
10 Machi 2024

Wifi,

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Wauaji! Yaani miaka yote hii nimelala na genge tumboni mwangu! Nililia siku nzima nikidhani Mama alisema kweli bila kujua. Ila sasa nimetulia. Wewe usihofu, hao wauaji nimeshawapatia dawa yao.

Nimewaambia wote nyumbani. Reginald alikwenda kusimama nje kwa muda mrefu akarudi anapiga mluzi. Mama naye ananichunguza kila asubuhi na leo amesema, "Safari hii mwili umekubali," kwa sababu uso umenenepa, umekuwa duara kama wa mtoto wa kwenye kopo la maziwa. Njaa yangu si ya kawaida. Jana nimemaliza sufuria la makande nikaulizia la jirani. Usingizi tu ndio umenikimbia, na jasho.

Nina swali moja. Mtu akishawatuliza hao, wanalala muda gani? Aendelee mpaka ajifungue au miezi hii inatosha?

Mvua zimeanza, barabara ya kushuka Maore ni tope tupu, kwa hiyo ukichelewa kupata barua umlaumu Mungu, si Anold.

Prisca


Dar es Salaam
20 Machi 2024

Prisca,

Umemeza nini?

Nimepiga simu ya Reginald, amepokea Mama. Amesema unang'aa, uko shambani, nisikusumbue. Nikajikuta nauliza habari za mvua, nikakata. Kisha nikampigia Nesi Safia wa zahanati yenu. Atakuja kwako, atasema ni mambo ya kliniki. Mwonyeshe vidonge. Uso wa duara, njaa, kukosa usingizi, jasho: hiyo ni prednisoloni au ndugu yake. Inapandisha presha, na wewe presha ndiyo adui yako. Lakini USIACHE GHAFLA, tafadhali. Mwili umeshaizoea. Daktari aipunguze kidogo kidogo.

Sasa nakuandikia nilichopaswa kuandika mwezi uliopita.

Wale wa kwenye mji wa mimba hawamuui mtoto wako, Prisca. Jina walipewa kwa kazi yao ya kwenye damu. Huko tumboni kazi yao ni nyingine. Wanapokutana na seli za kondo wakachochewa, wanatoa vitu vinavyosaidia kuipanua mishipa ya damu ya mama, iwe mipana, damu imfikie mtoto bila kubanwa. Lazima wachochewe ndipo wafanye kazi. Wa kwako wana mikono ya breki, ya kuchochea karibu hawana. Hilo peke yake si ugonjwa. Wanawake wengi wako hivyo na wanazaa salama.

Ila seli za kondo zinaonyesha kitambulisho, na nusu ya kitambulisho hicho mtoto anakipata kwa baba yake. Reginald amebeba cha aina ile inayozivuta breki zako kwa nguvu kuliko zote. Mtoto anaweza kukirithi au asikirithi, ni kama kurusha shilingi. Akikirithi, hatari inaongezeka. Sisemi ni lazima, ila inaongezeka. Mama nilimpima, hana. Kwa hiyo Reginald alikipata kwa marehemu Baba.

Unaona sasa. Nilijua tangu Novemba. Ulipouliza, sikutaka mkono wangu uandike kwamba tatizo limetoka kwetu. Niliona ni rahisi uliite lako. Nikasema "hawaelewani", nikakutajia na dawa za nje, kisha nikafunga bahasha. Nimejidharau mno.

Hakuna dawa ya kuzilegeza breki hizo. Ila kuna aspirini ndogo ya kila siku inayoanzwa sasa hivi, daktari akiidhinisha, na inasaidia. Kuna kupima presha kila wiki, na kujifungulia penye vifaa. Ongea na Reginald. Lakini nakuomba, Mama asisikie habari ya Baba. Bado analipamba kaburi lake kila Jumapili.

Eliaichi


Gonja
5 Aprili 2024

Eliaichi,

Leo sikuiti wifi. Ningekuwa na nguvu ningekushtaki baraza la kata, na unajua sisi Wapare kwa kesi hatuchoki.

Nesi Safia alikuja na kipimo chake. Presha ilikuwa imepanda hadi akapima mkono wa pili. Kesho yake Anold akatushusha Same kwenye matope. Daktari ameanza kunipunguzia vile vidonge na amenipa aspirini. Aliniuliza nani alinipa. Nani? Nilikwenda duka la dawa nikamwambia muuzaji nataka ya kutuliza kinga, kama ulivyoandika. Hakuniuliza kama nina mimba, nami sikumwambia. Nilikuwa namficha mtoto na huku namlisha vidonge.

Barua yako nimeielewa kwa namna yangu. Unaikumbuka ndiva yetu kule juu. Maji yanakusanyika usiku kucha, asubuhi mwenye zamu anapanda kuizibua, maji yanashika mfereji mpaka mashamba ya chini. Hao uliowaita wauaji ndio wenye zamu ya kuzibua. Mtoto yuko huko chini na shamba lake, anangoja maji. Na mimi nimewapandia wazibuaji nikawapa dawa ya usingizi! Wanangu wawili walikaa kwenye mfereji mkavu na mimi nilikuwa nanywa maji vizuri tu. Nikiwaza hivyo natamani kupiga kelele, lakini Mama yuko chumba cha pili.

Nimemwambia Reginald yote. Ilikuwa siku ya msaragambo, kijiji kizima kinatoa tope kwenye ndiva, akachukua jembe akaenda. Alirudi amejaa udongo mpaka nyusi, akakaa chini miguuni pangu, akauliza, "Kwa hiyo ni mimi?" Nikamjibu, "Si wewe, si mimi. Ni sisi tukikutana." Akalia kama mtoto. Sijawahi kumwona analia, hata makaburini.

Mama hajui. Umeniomba, na kwa kweli sina ubavu wa kumwambia.

Nina hasira na wewe mpaka kalamu imetoboa karatasi, utaona mwenyewe. Lakini endelea kuandika.

Prisca


Dar es Salaam
2 Juni 2024

Prisca,

Nimekuandikia Aprili, nimekuandikia Mei, sina jibu. Reginald akipiga simu kutoka kanisani anasema "tunaendelea" tu, na nyuma yake nasikia watu. Nijibu hata mstari mmoja. Nitukane, lakini nijibu.

Mwezi wa saba usikukute huko milimani. Nimekupatia chumba Same, kwa Fortunata niliyesoma naye, ni karibu na hospitali, unaweza kutembea kwa miguu. Shuka ukae huko mpaka ujifungue.

Eliaichi


Gonja
23 Juni 2024

Wifi,

Miguu imevimba, viatu vya Reginald ndivyo vinavyonitosha. Kichwa kinagonga. Jana mchana niliona vimulimuli mbele ya macho na jua limewaka. Vile vidonge vimeshaisha kabisa mwilini, aspirini nameza, Nesi Safia anapima. Naye anasema nishuke.

Mama hataki. Anasema wote wawili walitufia Same, huyu atazaliwa hapa, ndani ya nyumba ya marehemu, na yeye mwenyewe atasimama kando ya kitanda changu. Na ujue anasema kwa upendo. Ananikanda miguu kwa maji ya chumvi, amenipikia uji wake mwenyewe. Angekuwa ananitukana ningepanda gari nikaondoka. Nikimwambia kwa nini lazima nishuke, itabidi nimtaje mumewe, nami nitaonekana nimefukua kaburi kujitetea.

Reginald anaogopa, anasema anangoja neno lako. Sema wewe, Eliaichi. Ni mama yako.

Prisca


Dar es Salaam
3 Julai 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu haikusumbui na baridi ya huko. Mimi sijambo, kazi nyingi tu.

Mama, nimesikia Prisca amevimba kidogo. Wataalamu wa hapa wameshauri kwamba wanawake wa hali yake wajifungulie karibu na hospitali. Ni utaratibu wa kawaida, usihofu, hakuna jambo kubwa. Ningefurahi kama ungemruhusu ashuke kwa Fortunata, ukiona inafaa. Ila wewe ndiye mwenye uzoefu wa mambo haya.

Nakuombea. Salamu kwa wote.

Binti yako,
Eliaichi


Hospitali, Moshi
11 Agosti 2024

Eliaichi,

Huu mwandiko ni wa Mama yako, utakuwa umeshaujua. Maneno ni yangu. Tangu nianguke, macho yananionyesha kila kitu kama nimefunikwa na maji ya mchele. Daktari anasema yatarudi polepole. Nimemwambia Mama aandike kila ninalosema, hata lisilompendeza. Amekubali.

Mtoto yuko hai. Ni msichana. Alitoka na kilo moja na nusu, walinipasua kutuokoa wote wawili. Figo zangu bado wanaziangalia. Wameniambia nisishike mimba nyingine, kwa hiyo huyu ndiye wangu.

Barua yako kwa Mama ilifika. "Amevimba kidogo." "Hakuna jambo kubwa." Mama aliisoma kwa sauti tukiwa mezani, akasema, "Unaona? Hata Eliaichi hana wasiwasi." Nikabaki. Reginald akaniangalia, nami nikamwangalia, tukanyamaza wote. Hilo ni letu, sikutupii wewe peke yako. Lakini nilikuwa nangoja neno moja tu kutoka kwako.

Nilianguka nikiwa naanika mahindi. Haya nimesimuliwa. Reginald alinilaza kichwa mapajani pake, na palepale, mbele ya majirani, akamwambia Mama yote: vidonge, breki, kitambulisho, mtoto kwenye mfereji mkavu, Baba. Alikuwa anapiga kelele. Mama aliingia ndani akatoka na pembe ya msaragambo akaipuliza.

(Ilikuwa imetundikwa juu ya mlango tangu baba yenu alipokuwa mkubwa wa ndiva. Sikujua kama bado inalia. Mama.)

Watu walikuja na majembe wakidhani mfereji umebomoka. Wakanibeba na kitanda changu mpaka barabarani, Anold akashusha magunia yake yote ya tangawizi akayaacha njiani, tukateremka. Same walinipa dawa ya kuzuia kifafa, wakatuleta huku.

Siku za kwanza sikuweza kumbeba. Nesi akasema mtoto mdogo hivi anatakiwa kukaa kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Mama akafungua blauzi palepale wodini, mzee wa kanisa huyo, akafungwa mtoto kifuani kwa kanga. Mpaka leo nikilala anambeba yeye. Hata sasa anaandika naye yuko humo ndani. Aliyesema tumbo langu halishiki. Andika hilo, Mama.

(Nimeandika.)

Sasa lako. Umemwambia Reginald unataka kuja kuchukua mate ya mtoto, mjue kama amebeba kitambulisho cha Baba au la. Hapana. Nilipouliza mimi mwezi wa pili hukuona haraka ya kujua. Sijui kama nilianguka kwa sababu ya vidonge vyangu, au ukimya wako, au ningeanguka tu. Wewe pia hujui, na vichupa vyako havitatuambia. Nina hasira bado, na nimekukumbuka mno, vyote viwili kwa pamoja, na vinanichosha. Njoo. Lakini usije na sindano wala kichupa. Njoo uoshe nepi kama mawifi wengine.

Prisca


Amelala. Haya ya chini ni yangu, yeye hayajui.

Mwanangu, nimeandika kama alivyosema, sikupunguza neno. Barua yako ya Julai ninayo kwenye mkoba. Mnasema mmenificha kwa ajili ya moyo wangu. Moyo wangu mnaujua nyie?

Kuna jambo hukuambiwa wewe wala Reginald. Kabla yenu nilizaa wawili. Wote nilivimba miguu, wote niliona vimulimuli mchana. Yule wa pili nilizinduka wameshamfunika. Bibi yenu, mama wa baba yenu, alisema mbele ya watu kwamba tumbo langu halishiki. Baba yenu alinyamaza, nami niliamini hivyo mpaka siku ile Reginald alipopiga kelele uani. Neno lile nililomwambia Prisca sikulitunga. Nilikuwa nimekaa nalo.

Hawakupewa majina. Wako nyuma ya jiko, pale kwenye migomba, ndiyo maana sikubali ikatwe.

Mtoto yuko kifuani, naandika kwa mkono mmoja, uvumilie herufi. Usinijibu kwa barua, barua zako nimezisoma. Njoo uketi hapa uniambie, ukiniangalia: wale wawili nao walikosa maji?

Mama yako,
Faustina